Kota Pini: Namna ya Kuichagua na Kuitia

Baiskeli inapopanda mlima na kuanza kugonga, ta, ta, mara moja katika kila mzunguko wa pedali, mwenyewe aghalabu hutazama mnyororo. Akiuona mnyororo uko sawasawa, huutia mafuta na kuendelea na safari yake. Kesho yake sauti huwa kubwa zaidi. Baada ya siku chache mguu mmoja huhisi kwamba pedali yaporomoka kidogo kabla haijashika, kama mtu akanyagaye ngazi isiyokuwapo. Kosa hilo halimo katika mnyororo. Limo katika kijiti cha chuma kisichozidi urefu wa kidole, ambacho hupita katika mkono wa pedali na kuufunga katika ekseli ya kati. Kijiti hicho ndicho kota pini.

Hapana shaka baiskeli nyingi zitengenezwazo siku hizi hazina kota pini tena, kwa kuwa mikono yake ya pedali hufungwa kwa bolti katika ekseli yenye ncha ya mraba. Lakini zile baiskeli nyeusi, nzito, zenye kiti cha mizigo nyuma, ambazo katika Kenya huitwa Black Mamba, bado ziko nyingi mashambani, na aghalabu zina kota pini mbili, moja kila upande. Hizo ndizo zibebazo makopo ya maziwa alfajiri, magunia ya mahindi siku ya soko, na watoto wa shule mvua inaponyesha. Mtu apandaye mlima husimama juu ya pedali kwa uzito wake wote. Kota pini ikiponyoka wakati huo, mguu hushuka ghafula, kifua hupiga usukani, na mzigo ulio nyuma humalizia kazi. Kwa mwenye maziwa hasara haiishii katika goti lililochubuka, maana maziwa yaliyomwagika barabarani hayazoleki, na karani wa kupokea maziwa hawezi kuandika katika daftari lake lita ambazo hazikufika.

Kabla ya kwenda mbele yafaa kuondoa mchafuko mmoja wa maneno. Katika maduka ya vyuma jina hili la kota pini hutumiwa kwa vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Cha kwanza ni hiki cha baiskeli: kijiti kigumu cha mviringo, upande mmoja umekatwa bapa kwa mshazari, na ncha yake nyembamba ina nyuzi za kupokea nati. Hiki ni kabari. Cha pili ni waya laini uliokunjwa mara mbili, wenye kichwa cha duara kama tundu la sindano na miguu miwili ikaayo pamoja, ambao hupitishwa katika tundu la bolti kisha miguu yake hupanuliwa ili nati isifunguke. Waingereza hukiita hicho cha pili spliti pini, na Wamarekani hukiita kota pini. Mafundi wa Afrika Mashariki wamejifunza kwa vitabu vya pande zote mbili, ndiyo sababu mtu aweza kumtuma mtoto dukani kununua kota pini ya baiskeli naye akarudi na pini ya gurudumu la gari. Katika safu hii kabari ya baiskeli itaitwa kota pini, na ile ya miguu miwili itaitwa spliti pini.

Ili kufahamu kwa nini kota pini hulegea, yataka kufikiri kidogo juu ya nguvu inayoipata. Mkono wa pedali una urefu wa sentimita 17 hivi. Ekseli ya kati ina unene wa milimita 16 hivi, yaani kutoka katikati yake hadi ukingoni ni milimita 8 tu. Mtu mwenye uzito wa kilo 65 akisimama juu ya pedali moja, mkono humfanyia kazi ya wenzo, na uzito ule unapofika katika ekseli umezidishwa zaidi ya mara 20. Kwa hiyo kota pini hubanwa kwa nguvu ipitayo ya kilo 1,000, kisha huachiliwa, kisha hubanwa tena, maelfu ya mara katika safari moja. Ikiwa imekaa barabara, ubapa wake wote umelala juu ya ubapa wa ekseli, nguvu hiyo huenea na chuma huistahimili. Ikiwa imegusa mahali pamoja tu, mahali hapo husagika, nafasi huzaliwa, na kila kanyago huwa pigo la nyundo.

Kota pini hufanywa kwa chuma laini kuliko ekseli, na jambo hilo limekusudiwa. Kitu kimoja lazima kiliwe, na ni afadhali kiliwe kile cha bei ndogo. Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu akiona pini imelegea hukata msumari mnene, au kipande cha nondo, au bolti ya zamani, akakipigilia katika tundu. Baiskeli hutembea. Lakini kipande hicho cha mviringo hakina ubapa wa kulingana na ekseli, basi hula kingo za ekseli mpaka zinakuwa za mviringo kama kipande cha sabuni kilichotumika. Baada ya hapo hakuna kota pini mpya itakayoshika, hata iwe nzuri namna gani. Mwenyewe atanunua ekseli, na pengine gololi na vikombe vyake pia, kwa sababu ya kuokoa bei ya pini moja.

Mazungumzo ya namna hii husikika katika kibanda cha fundi karibu na soko lo lote.

"Kijana, nitilie pini hii upesi, lori la maziwa laondoka saa mbili."

"Nitaitia, mzee, lakini pini hii si ya baiskeli yako."

"Si ya yangu namna gani? Nimeinunua sasa hivi, na duka limeandika pini ya baiskeli."

"Ndiyo, mzee, ni ya baiskeli. Lakini tazama inavyocheza katika tundu kabla haijafika kwenye ekseli. Tundu lako ni pana kuliko pini."

"Basi ipigilie kwa nguvu."

"Nguvu haiongezi unene, mzee wangu."

Fundi huyo asema kweli, na mzee pia ana haki ya kukasirika, kwa maana muuza duka alipaswa kumwuliza. Kota pini huuzwa kwa unene. Ile ya baiskeli za Kiingereza za mtindo wa zamani, kama Raleigh, na za viwanda vingi vilivyofuata mtindo huo, ni ya milimita 9.5, yaani thuluthi moja na kidogo ya inchi, au kwa hesabu ya mafundi sehemu tatu za nane. Ziko nyingine za milimita 9, na nyembamba zaidi ya hizo. Nusu milimita haionekani kwa macho ya mtu aliye na haraka, lakini katika tundu la chuma ni kubwa. Dawa ni rahisi: mtu achukue pini kuukuu aende nayo dukani, azilinganishe kichwa kwa kichwa, na asitazame sehemu iliyosagika bali sehemu ya mviringo karibu na kichwa. Kama pini kuukuu imepotea, achukue mkono wa pedali wenyewe. Pini mpya yapaswa kuingia katika tundu la mkono kwa kusukumwa na kidole, bila kucheza kushoto wala kulia.

Tena yafaa kununua mbili, hata kama moja tu ndiyo iliyoharibika. Mshazari wa ubapa haulingani katika kila kiwanda. Mtu akitia pini ya kiwanda hiki upande wa kulia na ya kiwanda kile upande wa kushoto, mikono ya pedali haitakaa katika mstari mmoja: mmoja utakuwa mbele kidogo na mwingine nyuma kidogo, na mpandaji atahisi kama anachechemea ingawa miguu yake ni mizima.

Sasa yaja kazi ya tupa, ambayo ndiyo siri ya fundi mzuri. Ni nadra kwa kota pini mpya kukaa sawasawa jinsi ilivyotoka kiwandani. Nyingi huingia kidogo tu, nyuzi zake hazitokezi upande wa pili za kutosha kupokea washa na nati. Fundi asiyejua hukaza nati kwa spana mpaka nyuzi zinakatika. Fundi ajuaye huitoa pini, huishika katika jiliwa, na huusugua ubapa kwa tupa bapa, polepole, kwa mikono miwili, akiangalia usifanye mgongo katikati wala usipindukie upande mmoja. Kisha huijaribu tena. Wako mafundi wa zamani waliokuwa wakiipitisha pini juu ya moshi wa taa ya mafuta mpaka ubapa ukawa mweusi kwa masizi, wakaitia, wakaigonga kidogo, wakaitoa na kuitazama. Mahali palipong'aa ndipo palipogusa ekseli, basi hapo ndipo pa kupunguza. Pini ikitoka na mng'ao uliotapakaa ubapa wote, imekubali. Kazi hiyo huchukua nusu saa, na hakuna mashine ishindayo masizi kwa kusema kweli. Ubapa usisuguliwe kupita kiasi, maana pini itazama mno, nati itafika mwisho wa nyuzi kabla haijakaza cho chote, na pini hiyo imekwisha. Zote mbili zisuguliwe sawa kwa sawa.

Kuhusu upande wa kuzitia kuna kanuni moja isiyo na ubishi: pini mbili hukaa kinyume. Mkono wa kulia ukielekezwa mbele na nati yake ikatazama chini, basi wakati huo huo nati ya mkono wa kushoto, ulioelekea nyuma, yapaswa kutazama juu. Pedali zikizungushwa nusu mzunguko, wa kushoto ukaja mbele, nati yake nayo itatazama chini. Mtu akizitia zote mbili zikitazama upande mmoja, mikono haitanyoka hata asugue tupa siku nzima. Kosa hili ni la kawaida kuliko inavyodhaniwa, nalo huonekana mara moja kwa kuisimamisha baiskeli na kuitazama mikono kwa upande.

Kupigilia nako kuna adabu yake. Katikati ya baiskeli, ndani ya bomba, ekseli hukaa juu ya gololi ndogo ndani ya vikombe vya chuma kigumu. Nyundo ikipiga pini bila kitu cha kuukinga mkono wa pedali kwa chini, pigo lote hushuka katika gololi, nazo huchimba vishimo katika vikombe. Ekseli iliyotendewa hivyo huzunguka kwa kukwaruza daima. Kwa hiyo chini ya mkono wa pedali, karibu na tundu, huwekwa kipande cha bomba nene kilichosimama juu ya sakafu ngumu au jiwe, kirefu cha kutosha kuubeba mkono na kuliacha tairi likielea kidogo. Tundu la bomba liwe pana, ili ncha ya pini ipite ndani yake. Kisha pini hupigwa pigo moja la maana kwa nyundo nzito, si vipigo ishirini vya nyundo ndogo kama mtu avunjaye karanga. Nati hukazwa kwa kiasi, pini hupigwa tena, nati hukazwa tena kidogo. Kazi ya nati si kuivuta kabari, ni kuishika isirudi. Zipo pia jiliwa ndogo zilizofanywa kwa kusudi la kuibana kota pini mpaka iingie bila nyundo. Fundi mwenye wateja wengi atafanya vyema kutafuta moja.

Kuitoa pini kuukuu hutaka uvumilivu zaidi. Ikiwa imeshika kutu, hutiwa mafuta mepesi na kuachwa usiku mzima. Nati hulegezwa lakini haiondolewi: huachwa ikilingana na ncha ya nyuzi, ili nyundo igonge chuma kipana na nyuzi zisipinde. Bomba lile lile huwekwa upande wa kichwa cha pini, kisha hupigwa. Kama nyuzi zimepinda na pini haikutoka, imebaki kuikata kichwa na kuisukuma kwa tindo, au kuitoboa, na hiyo ni kazi ya mwenye karakana.

Baada ya safari ya kwanza kota pini mpya hulegea kidogo hata kama imetiwa na bingwa, kwa maana chuma laini kimekwisha kulala mahali pake. Basi jioni ile ile, au kesho yake, hupigwa tena mara moja, bomba likiwa chini, na nati hukazwa. Asiyefanya hivyo ndiye asemaye kwamba pini za siku hizi ni mbovu. Zipo mbovu kweli, lakini nyingi zililaumiwa kwa kosa la mwenye nyundo.

Ile nyingine, spliti pini, kazi yake ni tofauti kabisa. Haikazi kitu. Haibebi mzigo. Hulinda tu nati isirudi nyuma kwa mtikisiko, au kijiti kisichomoke katika tundu lake. Huonekana katika ekseli za magurudumu ya gari na trela, katika viungo vya usukani, katika pikipiki, katika plau na mikokoteni ya ng'ombe. Nati iendayo pamoja nayo aghalabu ina mapengo sita juu yake, kama ukuta wa ngome, na bolti ina tundu lililotoboka ng'ambo hadi ng'ambo. Pengo likikutana na tundu, pini hupita.

Katika kuichagua, wanunuzi hushangaa kwamba pini iandikwayo milimita 3.2 ikipimwa ina milimita 2.8 tu au karibu na hapo. Hawakudhulumiwa. Kwa kanuni ya kimataifa, ISO 1234, namba ya spliti pini ni unene wa tundu ambalo pini hiyo imekusudiwa, si unene wa pini yenyewe. Basi mtu apime tundu. Kwa kawaida bolti yenye unene uzidio milimita 11 hadi 14 hupewa pini ya 3.2, iliyozidi 14 hadi 20 hupewa ya milimita 4, iliyozidi 20 hadi 27 hupewa ya 5. Pini nyembamba mno itacheza na kukatika kwa kuchoka, na ile nene haitaingia ila kwa kupigwa, nayo ikipigwa imekwisha kudhoofika. Urefu hupimwa kutoka chini ya kichwa hadi ncha ya mguu ule mfupi. Ndiyo, mguu mmoja ni mfupi kuliko mwenzake, na wako wasemao kwamba ni kasoro ya kiwanda. Umefanywa hivyo ili kisu au bisibisi ipate mahali pa kuingia na kuipanua.

Pini hutiwa mpaka kichwa chake kikae ndani ya pengo la nati bila kuchezacheza. Mguu mmoja hukunjwa juu ya ncha ya bolti, na wa pili hukunjwa chini ukalala juu ya ubavu wa nati. Urefu uliozidi hukatwa, wa juu usipite unene wa bolti, wa chini usiguse washa. Kama hapo juu hapana nafasi, miguu yaweza kuzungushwa kushoto na kulia ikaikumbatia nati. Ncha zisiachwe zimesimama kama miiba, kwa kuwa fundi ajaye atapasua mkono, na nguo au kamba ya mzigo itanaswa. Kuipanua miguu kidogo tu kama mkasi uliofunguliwa hakutoshi penye mtikisiko.

Linalofuata ndilo lililowatatiza mafundi wengi wanafunzi: nati imekazwa vizuri, lakini pengo halikukutana na tundu. Je, ikazwe zaidi au irudishwe nyuma? Jibu si moja. Katika kiungo cha usukani wa gari, ambapo kijiti chenye umbo la pia huvutwa ndani ya tundu lake, nati haifunguliwi kamwe ili kutafuta tundu. Hukazwa mbele mpaka pengo lifuatalo. Kuirudisha nyuma ni kukilegeza kiungo, na kiungo cha usukani kilicholegea humwondolea dereva amri juu ya gurudumu. Lakini katika gurudumu la mbele lenye beringi za pia, mambo ni kinyume. Hapo nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa kwa mkono ili beringi zikae, kisha hulegezwa, hurudishwa polepole kama kitabu cha gari hilo kielezavyo, na kama pengo halikukutana na tundu hurudishwa nyuma kidogo hadi lililo karibu. Ikikazwa mbele, beringi haina nafasi ya kupumua. Itapata moto, grisi itayeyuka, na gurudumu laweza kukwama njiani au kung'oka. Fundi mmoja akijua kanuni ya kwanza tu akaitumia kila mahali, ataharibu magurudumu. Akijua ya pili tu, ataharibu usukani.

Spliti pini hutumiwa mara moja. Waya uliokunjwa na kunyoshwa umekwisha kuchoka ndani, ingawa kwa nje waonekana mzima. Katika vibanda vingi hunyoshwa kwa nyundo na kurudishwa, na mwenye gari hulipa kwa furaha kwa kuwa hakununua kitu. Msumari uliokunjwa haufai, kwa kuwa una mguu mmoja tu na waweza kuzunguka ukatoka. Waya wa ukuta wa boma nao haufai, maana hukatwa na kingo za nati.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulitokea Marekani tarehe 16 Februari 2000. Ndege ya mizigo ya aina ya DC-8 iliondoka katika uwanja wa Mather, karibu na mji wa Sacramento, katika California. Mara tu baada ya kuruka, marubani waliona kwamba pua ya ndege yainuka bila kutii. Walijaribu kurudi uwanjani, lakini ndege ilianguka juu ya uwanja wa magari mabovu yaliyokuwa yakiuzwa kwa vipuri, na watu wote watatu waliokuwamo wakafa. Wachunguzi wa serikali walieleza kwamba fimbo iendeshayo kibao kidogo cha mkiani, upande wa kulia, ilikuwa imeachana na mahali pake, kwa sababu bolti iliyoifunga haikufungwa wala kukaguliwa ipasavyo. Bolti ya namna hiyo hufungwa kwa nati yenye mapengo na pini ya miguu miwili. Ndege ilikuwa kubwa, na chuma kilichokosekana kingeweza kufichwa katika kiganja cha mtoto.

Wenye pikipiki za kubeba abiria nao wana mahali pao pa kutazama. Pikipiki nyingi ndogo zenye breki ya ngoma katika gurudumu la nyuma zina ubao wa chuma uunganishao ngoma hiyo na mwili wa pikipiki, ili breki inapokanyagwa kifuniko chake kisizunguke pamoja na gurudumu. Ubao huo hufungwa kwa bolti na nati, na mara nyingi spliti pini hupita katika ncha ya bolti. Tairi likitobolewa na mwiba, fundi wa pancha hufungua yote, na akifunga huiona pini kuukuu imekatika, basi huiacha, kwa kuwa nati yashika vizuri. Yashika leo. Baada ya wiki kadhaa za barabara ya kokoto nati hutoka, ubao huanguka, na dereva akikanyaga breki kifuniko huzunguka, hukunja fimbo ya breki, na gurudumu hukwama ghafula na abiria akiwa nyuma. Mwenye pikipiki angoje mpaka fundi amalize, ainame, aione pini kwa macho yake kabla hajalipa.

Kwa mkulima mwenye mkokoteni au plau ya kukokotwa na ng'ombe kuna jambo jingine. Zipo sehemu zifunguliwazo kila siku, kama mahali pa kuunganisha nira au trela, na hapo spliti pini haifai, kwa kuwa itakunjwa na kukunjuliwa mpaka ikatike. Hapo hutumiwa pini ya kubana iliyokunjwa mfano wa kibanio cha nywele, au ile yenye pete ya chuma ijifungayo yenyewe, kama zilivyokuwa katika trekta ndogo za Ferguson TE20 zilizotengenezwa Coventry tangu mwaka 1946 hadi 1956. Yafaa kuifunga kwa mnyororo mwembamba isipotee katika majani. Na zipo mashine, hasa za kukata majani na kusaga, ambazo zina pini iliyowekwa ili ikatike kwa makusudi jiwe linapoingia, mashine isivunjike. Pini hiyo isibadilishwe kwa nyingine ngumu, hata kama imekatika mara tatu kwa siku. Ni heri kulitafuta jiwe.

Mahali po pote ambapo kijiti cha kuunganisha husimama wima, kama katika ulimi wa mkokoteni, kitiwe kutoka juu, kichwa kikiwa juu na spliti pini chini. Kikitiwa kutoka chini, siku pini itakapokatika kijiti kitaanguka barabarani na mkokoteni utabaki nyuma, au utawafuata ng'ombe mteremkoni bila kushikwa na kitu. Kikitiwa kutoka juu, uzito wake wenyewe utakishikilia tunduni, na yamkini mwenyewe atagundua jioni, anapofungua ng'ombe, kwamba tundu la chini li tupu.